Dala Tano za Shaba

Baba mdogo hana maneno mengi. Enzi zile nikimsaidia kazi dukani Geita, mtu akileta dhahabu hakumuuliza ametoka duara gani, yaani shimo gani la machimbo, wala anachimba na nani. Aliichukua, akaifuta kwa kidole gumba, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni, kisha akanisogezea na neno moja tu: "Maji."

Hapo inakuwa kazi yangu. Unaweka glasi ya maji juu ya mizani, unairudisha isome sifuri. Dhahabu umeshaipima kavu, tuseme ni gramu 10. Unaifunga kwa uzi mwembamba, unaishusha mpaka izame yote bila kugusa kitako cha glasi, na mkono usitetemeke. Mizani inasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Ikisoma 0.52, umeshika dhahabu safi. Ikisoma 0.57 hivi, kuna fedha ndani yake, na dhahabu nyingi ya machimboni ndivyo ilivyo. Ikisoma 1.12, rafiki yangu, hiyo ni shaba, na aliyekuletea huenda ameshawasha pikipiki.

Ijumaa moja Baba mdogo alikwenda kuswali akaniacha peke yangu. Akaja kijana mpole na kipande cha gramu 20 na ushei, kimeyeyushwa vizuri, kinang'aa. Nikakitia majini. Mizani ikasema ni dhahabu, tena ya asilimia kubwa kuliko yote tuliyonunua mwezi ule. Hiyo peke yake ilitosha kunishtua, lakini sikushtuka. Nikalipa. Baba mdogo aliporudi alikitazama mara moja, akaenda kuchukua patasi. Ndani kulikuwa na kitu cha kijivu, kigumu kama roho ya mdai, kimevikwa koti la dhahabu. Tangisteni. Uzito wake majini unakaribiana mno na wa dhahabu, kiasi kwamba glasi ya maji haiwezi kuvitenganisha. Baba mdogo hakunigombeza. Alinikata mshahara miezi mitatu, na kile kipande akakiweka mezani, kikawa kinazuia risiti zisipeperushwe na feni.

Geita nimeshaondoka miaka mingi, ila ugonjwa wa kutaka kujua ndani ya chuma kuna nini haujanitoka. Siku hizi naupoza kwa picha. Usiku watoto wakishalala, napekua picha za sarafu za kale kwenye tovuti za makumbusho na za wapiga mnada. Siwezi kununua hata moja. Naangalia tu, kama mwenye deni anavyoangalia nyama buchani.

Huko ndiko nilikokutana na dola tano za shaba.

Imeandikwa 1849. Upande mmoja kuna ngao, na ndani ya ngao yuko mpanda farasi anarusha kamba ya kunasia ng'ombe. Ngao imeshikiliwa na wanyama wawili: huku dubu, huku kulungu dume mwenye mapembe ya matawi. Kuna neno moja la Kihispania, ALTA, kwa maana ya California ya Juu. Geuza upande wa pili: shada la majani, katikati imetajwa thamani, dola 5, na pembezoni jina la wenyewe, Massachusetts and California Company. Kazi yake ni safi. Nimeikuza ile picha mpaka kamba ya mpanda farasi ikawa nene kama mkonge, na bado mkono wa mchongaji haujakosea. Rangi yake sasa ni kahawia, kahawia ile ya senti ya zamani iliyosahaulika kwenye mfuko wa koti. Ni shaba tupu. Imeandikwa dola tano za dhahabu ya California na ndani yake hamna hata punje.

Hiyo ndiyo sarafu ya mfano. Fundi akishachonga mihuri miwili ya chuma, haanzi na dhahabu. Anaipiga kwanza kwenye shaba, ambayo ni laini na ya bei rahisi, aone kama herufi zimejaa, kama uso umesimama, kama kingo zinatoka sawa. Vipande vichache vinapelekwa kwa wakubwa wavikubali au wavikatae, vingine vinaonyeshwa kwa watu wanaotakiwa kuweka mtaji. Kampuni hii ilipiga mifano ya shaba na mingine ya fedha. Ilipiga pia dola tano za dhahabu, chache mno, na hata hizo dhahabu yake imechanganywa na shaba nyingi. Wenyewe walijiunga mwaka 1849 huko Northampton, mji wa jimbo la Massachusetts, wakiwa na mpango wa kwenda California na mitambo yao wakapige sarafu huko. Northampton iko upande mmoja wa bara, na yule mpanda farasi mwenye kamba yuko upande wa pili, lakini kwenye sarafu wamekutana vizuri bila vumbi wala jasho.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Sarafu hii ni nzuri na ilitengenezwa ili itembezwe. Wahenga hawakuwahi kukutana na wauza hisa.

Sasa utauliza: watu binafsi wanapigaje pesa? Si jela hiyo?

Turudi nyuma kidogo. Januari 24, 1848, James Marshall aliona kitu kinameta kwenye mfereji wa mtambo wa kupasulia mbao wa bwana mmoja aitwaye Sutter, mahali panaitwa Coloma, kando ya mto American. Siku tisa baadaye, Februari 2, Meksiko ikasaini mkataba wa Guadalupe Hidalgo na kuikabidhi California kwa Marekani. Aliyetoa hakujua anatoa nini, na aliyepokea hakujua anapokea nini. Mwaka uliofuata dunia nzima ilikuwa njiani kuelekea huko.

Dhahabu ilikuwepo, pesa haikuwepo. Kiwanda kikuu cha serikali cha kupiga sarafu kilikuwa Philadelphia. Kupeleka mzigo kwa kuzunguka Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika, ni miezi, na njia ya mkato ya Panama ni meli, kisha mitumbwi na nyumbu, kisha meli tena. Kwa hiyo watu walilipana kwa vumbi la dhahabu. Mwenye baa alichota kwa vidole viwili kutoka kwenye kifuko chako, na mchoto mmoja ukahesabiwa dola moja. Inasimuliwa kwamba mtu akiomba kazi baa, kitu cha kwanza kilichotazamwa ni unene wa vidole vyake. Mjini San Francisco aunsi moja ya vumbi ilinunuliwa kwa dola 16 hivi, wakati dhahabu ile ile ikifika Philadelphia ilizidi dola 18. Porini kwenye machimbo walilipa pungufu zaidi. Mchimbaji wa Nyarugusu, kule kwetu Geita, hahitaji kuelezwa hapo, anaijua hesabu hiyo kwa kichwa. Na forodha ilitaka ushuru ulipwe kwa sarafu, huku sarafu zenyewe hazionekani.

Katiba ya Marekani ilikuwa imezikataza serikali za majimbo kupiga sarafu. Kuhusu fundi saa mwenye nyundo haikusema kitu. Basi mafundi saa, masonara na mabenki wakapita kwenye uwazi huo kwa miaka zaidi ya 30, mpaka bunge lilipouziba kwa sheria ya Juni 8, 1864.

Na hapo ndipo panaponinogea, maana hapo lile neno moja la Baba mdogo, "Maji", linaingia. Serikali ikipiga muhuri, nyuma yake kuna jeshi na hazina. Fulani na Wenzake wakipiga muhuri, nyuma yao kuna nini? Kuna neno lao tu. Wamejichimbia, wamejiyeyushia, wamejipimia, wamejiandikia.

Wa kwanza aliyeonja joto la jambo hili hakuwa wa California kabisa. Templeton Reid alikuwa fundi wa saa na bunduki huko Milledgeville, Georgia, na mwaka 1830 alianza kugeuza dhahabu ya milima ya huko kuwa sarafu za dola mbili na nusu, tano na kumi. Hazijapita wiki nyingi ikatokea barua gazetini, mwandishi kajificha jina, anasema dola 10 za Reid hazifiki dola 10. Reid alijibu, akajitetea, akahamia Gainesville karibu na machimbo, lakini biashara haikuuona mwaka mpya. Kosa lake nalielewa. Dhahabu ya ardhini haitoki safi. Ukiipima uzito tu na kuichukulia kama safi, umejidanganya mwenyewe kabla hujamdanganya jirani.

Ingeishia hapo ningekuwa nimeshamsahau. Lakini mwaka 1849, miaka 19 baadaye, zikatokea sarafu mbili zenye jina lake na maneno ya dhahabu ya California. Moja ya dola 10, nyingine ya dola 25. Ishirini na tano! Hata serikali haijawahi kupiga sarafu ya kutumika yenye thamani hiyo. Na Reid mwenyewe alibaki Georgia, hakukanyaga California, akafariki 1851. Ile ya dola 10 ipo mpaka leo, moja tu, kwenye hazina ya taifa ya sarafu chini ya makumbusho ya Smithsonian, Washington. Ile ya dola 25 nayo ilikuwa moja, imehifadhiwa kwenye kabati la maonyesho la kiwanda cha Philadelphia, mpaka Agosti 16, 1858, mwizi alipoichukua. Haijaonekana tena. Wapo wanaoamini iko mahali fulani, kwenye mtoto wa meza wa mtu, inasubiri. Mimi nimeishi na wezi wa dhahabu. Jioni ile ile ilikuwa imeshayeyushwa.

Kuna mmoja ambaye ningempa kazi dukani bila usaili: Christopher Bechtler, Mjerumani wa Baden aliyehamia Rutherfordton, North Carolina, na kuanza kupiga sarafu mwaka 1831. Yeye aliandika juu ya sarafu uzito wake na karati zake, yaani usafi wa dhahabu. Usiniamini mimi, pima. Dola moja ya kwanza ya dhahabu nchini Marekani ni ya Bechtler, na serikali ilipiga ya kwake mwaka 1849.

Wengine wako katikati. Huko Oregon, mwaka 1849, wafanyabiashara wanane walipiga dola tano na dola kumi zenye picha ya biva, yule mnyama anayejenga mabwawa mitoni, ambaye ngozi yake ndiyo iliyokuwa biashara ya nchi ile kabla ya dhahabu. Wakaweka herufi za mwanzo za majina yao, na kwenye dola tano mchongaji akakosea, akaandika G pahali pa C. Aliyeharibiwa herufi ni Campbell, na mchongaji alikuwa Campbell huyo huyo. Hawakuchanganya kitu kwenye dhahabu yao. Ilitoka laini, ikachubuka upesi, lakini kilichokuwemo kilizidi kilichoandikwa, basi watu wakaziyeyusha kwa faida. Wamormoni wa Salt Lake City nao walipiga zao mwaka ule ule, wakaweka mikono iliyoshikana na jicho linaloona yote, na herufi zilizosimama badala ya maneno ya dhahabu safi ya mji wao. Dhahabu yenyewe ilikuwa ya California, na fedha yake ya asili ikiwa humo humo. Dola 20 yao ilipopimwa ilikuwa na dhahabu ya dola 17 hivi. Sidhani walikusudia kuiba. Nadhani nao, kama Reid, hawakuwa na glasi ya maji.

Waliopima walikuwa Philadelphia: Jacob Eckfeldt na William Du Bois, wapimaji wa kiwanda cha serikali. Kila sarafu ngeni iliyofika kutoka magharibi waliipima, kuikwangua na kuiyeyusha, kisha mwaka 1850 wakatoa kitabu kidogo chenye matokeo. Baadhi ya nakala zilibandikwa ndani yake punje za dhahabu halisi ya California, msomaji aione kwa macho yake. Ningelala na kitabu hicho chini ya mto. Humo sarafu za Pacific Company, wapigaji wengine binafsi wa California, zimeanikwa hadharani: dola 10 yao ilikutwa na dhahabu ya dola 7 na senti 86. Hiyo ni asilimia 21 imepotea njiani, na sarafu yenyewe ina tai na kofia ya uhuru kama kawaida. Hawa sasa siwatetei.

Lakini kisa kinachonirudia kila mara ni cha Baldwin. Baldwin na wenzake walikuwa masonara wa San Francisco, na dola 10 yao ya 1850 nayo ina mpanda farasi mwenye kamba, amechongwa na Albrecht Kuner, Mjerumani mwenye mkono wa ajabu. Mwanzoni mwa 1851 sarafu za Baldwin zilikuwa kila mahali mjini. Akatokea mwenye benki mmoja, James King wa William. Ndivyo alivyojiita: wapo akina James King wengi, akaongeza jina la baba ili atambulike, sawasawa na sisi tunavyosema bin William. Huyu alichukua sarafu za Baldwin akazipeleka kwa mpimaji wa serikali. Majibu: kwenye kila dola 20 imepungua kama asilimia 3, senti 60 hivi. Magazeti yakaandika. Kesho yake maduka yakazikataa, na mabenki yakakubali kuzipokea kwa bei ya kutupa tu. Baldwin na wenzake wakapanda meli wakaenda zao.

Sasa fanya hesabu. Sarafu imepungua asilimia 3. Fundi wa kufua nguo aliyekuwa nayo mfukoni anapoteza mara kadhaa zaidi ya hapo, kwa sababu hana pa kuipeleka. Aliyeinunua kwake kwa bei ya chini na kuiyeyusha amepata faida kubwa kuliko aliyoipata Baldwin kwa kupunja. Nilipokuwa Geita nimeona hivyo hivyo. Mwaka mmoja ulitoka uvumi kwamba dhahabu ya shimo fulani ni chafu, bei ikaporomoka asubuhi, na jioni wale wale waliouanzisha uvumi walikuwa wamejaza mifuko. Simtuhumu King wa William kwa lolote. Aliuawa kwa risasi mwaka 1856 na mwanasiasa ambaye King alikuwa amemwandika vibaya gazetini, na mji mzima ulimlilia. Nasema tu kwamba kipimo cha kweli nacho kinaweza kumfilisi asiye na hatia.

Mpimaji aliyepelekewa sarafu zile ni Augustus Humbert, fundi wa makasha ya saa kutoka New York, aliyefika mwanzoni mwa 1851 akiwa na cheo cha mpimaji wa serikali. Yeye alipiga dola 50 zenye pembe nane, kila moja karibu gramu 85. Ukiitupa mezani, meza inajua. Ubora wake aliuandika juu yake: sehemu 880 au 887 katika 1000, pungufu ya 900 iliyotakiwa na sheria. Kwa nini? Tindikali. California ile haikuwa na tindikali ya kutosha kutenganisha fedha na dhahabu, basi aliipiga dhahabu jinsi mto ulivyoitoa, akaongeza uzito kufidia, akaandika ukweli. Nilicheka niliposoma hapo. Geita tuliwahi kukaa wiki mbili bila tindikali kwa sababu lori limekwama, na Baba mdogo akawa anaandika kwenye risiti, kwa kalamu nyekundu, "haijasafishwa".

Naomba nitoke nje ya California dakika moja.

Kwenye kopo la kahawa nyumbani nina sarafu ya bibi yangu. Ni heller 20, ya 1916, ina herufi T. T ni Tabora. Vita vya kwanza vya dunia vilipofunga bahari, Wajerumani waliishiwa sarafu, wakazipiga wenyewe kwenye karakana ya reli pale Tabora, kwa shaba nyeupe na nyekundu na mabaki ya chuma waliyoyapata. Walipiga pia rupia 15 za dhahabu, dhahabu ya Sekenke, zenye tembo na mlima nyuma yake, zisizozidi 16,200. Bibi hakuwahi kuishika ya dhahabu. Alikuwa na hii ya shaba, na alisema ilinunua chumvi kama pesa nyingine yoyote. Ukitaka ushahidi kwamba ilinunua, sikiliza unavyoongea: hela ni heller. Pesa ni paisa ya Kihindi. Shilingi tano tuliita dala kwa sababu ya dola, na kutokana na dala ile tukapata daladala. Na fedha ni fedha, chuma chenyewe, hata kama unalipia kwa simu. Lugha yetu ni kabati la sarafu ambalo hakuna aliyeliibia.

Kwa hiyo shaba ya bibi ilikuwa pesa kamili, wakati shaba ya Northampton, pamoja na farasi wake na dubu wake, haikuwa pesa hata kwa siku moja.

Sikuishia kwenye ile moja. Sarafu za mfano za shaba zilipigwa pia na Clark, Gruber na Kampuni, wenye benki wa Leavenworth, Kansas, waliofungua kiwanda Denver mwezi Julai 1860 baada ya dhahabu kuonekana milima ya Colorado. Hawa ni hadithi ya furaha. Kosa lao moja ni la kuchekesha: kwenye dola 10 na dola 20 za mwaka ule walitaka kuweka mlima Pikes Peak, na mchongaji alikuwa hajawahi kuuona. Akachora pembetatu. Mlima mpana wenye mabega ukatoka kama pia iliyopinduliwa, kama mlima anaouchora mtoto wa chekechea kabla hajaongeza jua lenye miale. Watu wa Denver walikuwa wakifungua dirisha asubuhi wanauona mlima wenyewe, kisha wanalipwa mshahara kwa pembetatu. Dhahabu yao ya 1860 ilikuwa safi mno hata ikawa laini, ikachakaa, basi mwaka 1861 wakaikaza kwa kuchanganya kidogo, wakaacha pembetatu kwenye sarafu kubwa na kuweka kichwa cha mwanamke kama cha sarafu za serikali, ila kwenye taji wameandika Pikes Peak. Thamani ilikuwemo, hakuna aliyelia. Mwaka 1863 serikali ikawanunua kwa dola 25,000, na mwaka uliofuata mlango ukafungwa kwa wote.

California mlango ulikuwa umeshaanza kufungwa kabla ya hapo. Kiwanda cha serikali cha San Francisco kilianza kazi mwaka 1854, na sarafu za watu binafsi zikapelekwa huko kwa magunia, zikatiwa kwenye tanuri, zikatoka na tai wa serikali. Za Humbert, za Baldwin, za Pacific Company, nzuri na mbaya, zote sufuria moja. Nyingine zilizama. Meli ya Central America iliyozama Septemba 1857 njiani kuelekea New York, ikiwa na watu zaidi ya 400 waliokufa, ilibeba sarafu za aina hii pamoja na vipande vya dhahabu vya ukubwa wa tofali, na dhahabu hiyo ilianza kuibuliwa kwenye miaka ya 1980.

Za shaba nani angezipeleka kwenye tanuri? Ukiyeyusha dola tano za shaba unapata shaba ya senti moja. Zikabaki kwenye mitoto ya meza ya waliochonga na waliochangia, zikarithiwa, zikasahaulika, zikafika mnadani. Leo kipande hicho, ambacho mwaka 1849 usingepewa hata bia kwa kukitoa, kinagombaniwa na watu wenye tai shingoni, na bei yake inaiacha mbali dhahabu ya uzito huo huo. Nikiitazama nafikiria kwamba katika kundi lote lile ni sarafu ambayo mshona viatu hakupunjwa kwayo, mwenye duka hakuikataa kesho yake, na wapimaji wa Philadelphia hawakuwa na la kuiandika vibaya. Shaba ilisema ni shaba, kwa rangi. Uongo ulikuwa kwenye maandishi tu, na mpokeaji alikuwa anajua.

Juzi nilimtumia Baba mdogo ile picha kwa WhatsApp, upande wa farasi na upande wa shada. Sikuandika kitu. Amezeeka, duka amemwachia binti yake, macho yamepungua nguvu. Alikaa na picha siku nzima. Usiku ikaja sauti ya sekunde kumi, na nyuma yake nasikia feni ile ile.

"Mwanangu, nimeiona. Fundi anajua kazi. Lakini hiyo ni shaba." Akakohoa kidogo. "Umelipa ngapi?"